Kwa nini majimbo manane ya Nigeria yanamchagua gavana peke yao: uzi wa kesi, polisi na kura 482

Jogoo la Shamba (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu Anambra wapige kura Novemba 8, 2025 nakutana na swali lilelile humu jukwaani: Nigeria si walimaliza uchaguzi 2023? Hizi kura za gavana zinazoibuka kila baada ya miezi zinatoka wapi? Mwaka jana Edo na Ondo, mwaka huu Anambra, mwakani Ekiti na Osun. Mimi nafanya kazi na Wanigeria, na ukikaa nao utazijua siasa zao utake usitake. Nashusha nilichonacho, wenye zaidi waongeze.

Nigeria ina majimbo 36. Majimbo 28 yanamchagua gavana wiki chache baada ya kura ya rais. Manane yana tarehe zao: Anambra, Bayelsa, Edo, Ekiti, Imo, Kogi, Ondo na Osun. Hakuna mtu aliyekaa mezani akapanga hivyo. Katiba inasema tu kwamba gavana anakaa miaka minne kuanzia siku anayokula kiapo, na siku hizi uchaguzi wa kumrithi lazima uangukie kati ya siku 150 na siku 30 kabla muhula wake haujaisha. Sasa piga hesabu. Umeibiwa kura, umekwenda mahakamani, umeshinda kesi baada ya miaka miwili na nusu. Miaka yako minne inaanza siku hiyo unayoapa. Muda aliokula mwenzako haukuhusu.

Aliyefungua mlango ni Peter Obi, huyuhuyu aliyegombea urais 2023. Mwaka 2003 pale Anambra alitangazwa Chris Ngige wa PDP, chama kilichokuwa kikitawala nchi. Kilichofuata ni sinema: Julai 2003, hajamaliza hata miezi miwili ofisini, gavana akatekwa na polisi wakiongozwa na ofisa wao wa ngazi ya juu, ikasomwa barua ya kujiuzulu kwake. Nyuma ya mchezo alikuwepo Chris Uba, tajiri aliyejigamba kwamba yeye ndiye aliyemweka Ngige madarakani na sasa anataka malipo yake. Ngige akachomoka, akarudi ofisini. Obi muda wote huo yuko mahakamani. Machi 2006 Mahakama ya Rufaa ikasema mshindi wa 2003 ni Obi. Akaapishwa Machi 17, 2006.

Novemba mwaka huohuo baraza la jimbo likamng'oa. Naibu wake, Mama Virginia Etiaba, akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana Nigeria. Februari 2007 mahakama ikasema kung'olewa kule ni batili, na yule mama akakirudisha kiti bila vurugu. Kwa siasa za pale hilo peke yake lilistahili sanamu.

Aprili 2007 ukaja uchaguzi mkuu. INEC, tume ya uchaguzi ya taifa, ikaendesha kura ya Anambra kana kwamba muhula wa Obi umekwisha. Akatangazwa Andy Uba, kaka yake yule tajiri. Akaapishwa Mei 29. Juni 14 Mahakama ya Juu ikasema: Obi aliapa Machi 2006, miaka minne yake inaisha Machi 2010, kwa hiyo kiti hakikuwa wazi na uchaguzi ule haukuwa na kazi. Andy Uba akatoka Ikulu ya Awka baada ya siku 17. (Huyu bwana hakukata tamaa. Alirudi kugombea 2021 kwa tiketi ya APC, chama cha Rais Tinubu, akawa wa tatu.)

Baada ya hapo wengine wakapita mlemle. Adams Oshiomhole akapewa Edo na mahakama Novemba 2008. Olusegun Mimiko Ondo, Februari 2009. Kayode Fayemi Ekiti, Oktoba 2010. Rauf Aregbesola Osun, Novemba 2010. Wote walikuwa wameibiwa kura ya 2007, uchaguzi ambao hata Rais Yar'Adua, aliyeingilia humohumo, alikiri kwamba ulikuwa na kasoro. Kogi na Bayelsa njia yao ni tofauti kidogo: magavana wao walifutiwa ushindi wa 2007, wakarudia uchaguzi 2008, wakashinda tena, wakadai saa ianze upya.

Wa mwisho kuingia ni Imo. Januari 14, 2020 Mahakama ya Juu ilimtoa Emeka Ihedioha aliyekuwa ametawala miezi saba, ikamweka Hope Uzodimma, mtu aliyekuwa ametangazwa wa nne. Mahakama ilisema kura zake za vituo 388 hazikujumlishwa. Ikazijumlisha yenyewe.

Naendelea chini. Kuna watu watauliza kwa nini mlango haujafungwa.

nasikiliza_tu

Naweka kambi. Wa nne anakuwa wa kwanza? Hata Simba na Yanga hatujafika huko.

Jogoo la Shamba

Mlango umefungwa nusu. Mwaka 2010 waliirekebisha katiba. Moja, ukifutiwa ushindi kisha ukashinda marudio, ule muda uliokaa mwanzo unahesabiwa. Mbili, kesi ya uchaguzi ikapewa mwisho: mahakama maalumu ya uchaguzi siku 180, kila rufaa siku 60. Ndiyo maana kesi ya Imo ilichukua miezi badala ya miaka.

Na Januari 2012 Mahakama ya Juu iliwatoa magavana watano kwa mpigo, wa Adamawa, Bayelsa, Cross River, Kogi na Sokoto. Hawa ndio waliokuwa wakidai saa ianze upya baada ya marudio ya 2008. Ikawaambia muhula wenu uliisha Mei 2011, mmekaa miezi nane ya bure. Adamawa, Cross River na Sokoto baadaye wakarudi kwenye foleni ya wote. Bayelsa na Kogi hawakurudi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ni gavana tu anayechaguliwa nje ya msimu. Baraza la wawakilishi la jimbo linachaguliwa na wenzao nchi nzima. Kwa hiyo gavana mpya anaingia akikuta wawakilishi wa mtangulizi wake bado wana miaka yao. Edo ni mfano mzuri. Monday Okpebholo wa APC ameapishwa Novemba 2024, baraza lina wengi wa PDP. Hajamaliza mwaka, wawakilishi wakaanza kuhama mmojammoja, spika naye akiwemo. Kwetu tungesema wanaunga mkono juhudi.

Mnyalu

Mkuu uzi umetulia, ila mimi sioni faida. Nchi moja inakuwa kwenye kampeni miaka yote minne. Kwa nini wasipitishe sheria moja wakusanye zote siku moja? Gharama zinapungua, watu wanafanya kazi. Hayo mengine ni kuwapa wanasiasa ulaji.

Jogoo la Shamba

Mnyalu, hoja hiyo ipo hata bungeni kwao na inarudi kila mara. Ila ili uwakusanye lazima umkate gavana muhula au umwongezee. Ukimkata anakwenda mahakamani na kifungu cha miaka minne mkononi. Ukimwongezea, wapinzani wake ndio wanaokwenda. Kwa vyovyote vile lazima uiguse katiba, na kuigusa katiba kule kunahitaji theluthi mbili za bunge la shirikisho na kukubaliwa na theluthi mbili ya mabaraza ya majimbo.

Halafu mimi sikubali kwamba hazina faida. Kwenye uchaguzi mkuu gavana anabebwa na wimbi la rais. Ukiwa peke yako, wananchi wanakutazama wewe: mishahara umelipa? barabara je? Edo 2020 ni somo. Godwin Obaseki alinyimwa tiketi na APC, chama chake mwenyewe, akakimbilia PDP miezi mitatu kabla ya kura. Serikali kuu APC, rais APC, waliomkata wamejipanga. Watu wa Edo wakatoka na msemo wao, "Edo no be Lagos", maana yake hapa hatutawaliwi na tajiri wa Lagos. Akashinda kwa kura 307,955 dhidi ya 223,619.

Tena Anambra 2021 ndipo mashine za BVAS, zile zinazosoma kidole na sura ya mpiga kura, zilipotumika kwa mara ya kwanza kwenye uchaguzi wa gavana. Kama zingeanzia kwenye uchaguzi mkuu moja kwa moja, hali ingekuwa mbaya kuliko ilivyokuwa 2023.

Fundi Cherehani

Mleta mada, naona unazipamba. Mimi nimeishi kule miaka, mali nachukua Aba na Onitsha mpaka leo. Ngoja niseme upande wa pili.

Uchaguzi mkuu polisi wa Nigeria wanagawanywa majimbo 36. Uchaguzi wa jimbo moja wanakuja wote. Anambra 2021 walipelekwa polisi zaidi ya 34,000, ukiacha jeshi na usalama wa raia. Gavana kule hana polisi hata mmoja aliye chini ya amri yake, polisi ni wa Abuja. Wakikaa sawa, kura inakwenda vizuri. Wakiambiwa wageuze shingo, wanageuza wote kwa pamoja. Na wanasiasa nao wanakuja wote: magavana wa chama, mawaziri, mabegi. Hakuna mahali pengine pa kupeleka fedha mwezi huo.

Ekiti ndio walioleta usemi wa Kiyoruba "dibo ko sebe", piga kura ukapike mchuzi. 2018 hiyo, waziwazi. Unaonyesha karatasi yako kwa mpambe kabla hujaitumbukiza, unalipwa nyuma ya shule. Na kabla ya hapo Ayo Fayose alishashinda 2014 kwa siasa za tumbo, mchele na kuku, akamchapa Fayemi kwenye halmashauri zote 16. Fayemi alikuwa na rekodi nzuri ya kazi, watu wa nje wanamsifu. Tumbo halisomi ripoti. Sisi Watanzania tuliwahi kuwa na takrima, ule ukarimu kwa wapiga kura, ndani ya sheria mpaka mahakama ikaifuta 2006, kwa hiyo wala tusiwacheke.

Halafu tazama idadi ya watu. Anambra 2021 waliandikishwa karibu milioni 2.5. Waliojitokeza walikuwa kama laki mbili na nusu. Asilimia 10! Charles Soludo, profesa, gavana wa zamani wa benki kuu, akaingia kwa kura 112,229. Kariakoo siku ya sikukuu ina watu wengi kuliko hao.

Jogoo la Shamba

Fundi, 2021 kulikuwa na vitisho vya IPOB, wale wanaodai Biafra. Walikuwa wametangaza watu wakae ndani wiki nzima, wakaja kuliondoa agizo dakika za mwisho. Watu walikuwa wanaogopa kufa. Na halmashauri ya Ihiala ilibidi wapige kura siku tatu baadaye.

Mwaka huu Soludo kapata 422,664, kashinda halmashauri zote 21. Wa APC hakufika hata laki moja.

Fundi Cherehani

Na waliojitokeza mwaka huu ni wangapi kati ya waandikishwa milioni 2.8? Kama laki sita. Moja kwa tano. Nakuuliza kingine, maana hili ndilo linalonionyesha hizi kura ni za nani: Februari 2023 Peter Obi alipata Anambra kura zaidi ya 584,000. Mwezi uliopita mgombea wa Labour, chama kilekile, kapata zaidi kidogo ya 10,000. Jimbo ni lile, watu ni wale. Wamekwenda wapi?

Jogoo la Shamba

Labour imegawanyika, viongozi wana kesi wao kwa wao, na Obi hakuwepo kwenye karatasi. Hilo kwangu linaunga mkono hoja yangu: watu wa Anambra wanajua kutenganisha. Rais wanamtaka wa kwao, gavana wanamtaka wa APGA, chama cha Soludo. APGA imeshikilia kiti kile tangu Obi aapishwe 2006, ukiacha zile siku 17 za Andy Uba, marais wa PDP na APC wote wameshindwa kukichukua.

Ila nakubali kwamba waandikishwa zaidi ya milioni mbili kubaki nyumbani si kutenganisha, ni kuchoka.

Bint Kilindini

Salaam kutoka Mombasa. Sisi huku tumetoka tu kwa uchaguzi mdogo wa Novemba 27, Malava, Mbeere North, seneta wa Baringo na wadi kadhaa. Naona lile la Fundi la mabegi ni kweli kabisa. Kiti kimoja cha mbunge, mawaziri wamehamia kijijini, maafisa wa serikali wako kwa kampeni, vijana wa fujo wamelipwa pande zote mbili. Wangegawanyika majimbo 290 nguvu hiyo wangeitoa wapi?

Lakini pia tukumbuke, viti vingine vilikaa wazi miaka zaidi ya miwili kwa sababu IEBC, tume yetu ya uchaguzi Kenya, haikuwa na makamishna kutoka Januari 2023 hadi Julai 2025. Watu wa Banissa walikaa bila mbunge tangu Machi 2023. Bora uchaguzi wenye kelele kuliko kukosa wa kukuulizia maji bungeni.

Swali kwa mleta mada: hiyo 482 ya kichwa cha uzi iko wapi? Nimesoma yote sijaiona.

Jogoo la Shamba

Dada Bint, nilikuwa naiweka akiba. Ni Osun.

Septemba 22, 2018. Ademola Adeleke wa PDP, seneta anayejulikana kwa kucheza ngoma jukwaani (ni baba mdogo wa msanii Davido), anachuana na Gboyega Oyetola wa APC. Kura zikahesabiwa: Adeleke 254,698, Oyetola 254,345. Tofauti 353. Kwa nchi nyingine mshindi ashatangazwa. INEC ikasema kuna vituo saba ambako kura zilifutwa, na walioandikishwa hapo ni 3,498, wengi kuliko tofauti, basi uchaguzi haujakamilika. Marudio baada ya siku tano, vituo saba tu.

Vituo saba! Nguvu yote ya dola ikashuka kwenye vijiji vile. Waangalizi na waandishi wakaripoti wapiga kura kuzuiwa njiani. Siku ya mwisho Oyetola 255,505, Adeleke 255,023. Kura 482.

Adeleke akaenda mahakamani na Machi 2019 akashinda kwenye mahakama ya uchaguzi. Mahakama ya Rufaa ikageuza. Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wawili, ikabaki na Oyetola. Mnajua kwa nini? Jaji mmoja wa ile mahakama ya kwanza hakuwepo siku moja ushahidi ulipokuwa ukisikilizwa, kisha akashiriki kutoa hukumu. Hukumu nzima ikaanguka kwa sababu ya kikao kimoja. Suala la nani alizuiwa barabarani halikufika popote.

nasikiliza_tu

Hili ni goli la mkono na VAR imezimwa.

Fundi Cherehani

Haujakamilika, haujakamilika. Hilo neno lilianza kupata umaarufu Kogi 2015. Abubakar Audu wa APC anaongoza kwa kura 41,353, INEC inasema haujakamilika kwa sababu vituo 91 vilifutwa. Kabla ya marudio Audu akafariki. Sasa kura zake ni za nani? Mgombea mwenza wake, James Faleke, anasema ni zangu, tulizipata pamoja. Chama kikamleta Yahaya Bello, aliyekuwa wa pili kwenye kura za maoni za chama, mtu ambaye hakuwa hata kwenye karatasi. Akapiga kampeni ya siku chache kwenye vituo 91, akarithi kura laki mbili na zaidi za marehemu, akawa gavana. Faleke alikwenda hadi Mahakama ya Juu, akashindwa. Bello akatawala miaka minane.

Na Kogi 2023, ilipofika zamu ya mrithi wake, zilikutwa fomu za matokeo zimeshajazwa kabla kura hazijapigwa. INEC ikasimamisha uchaguzi kwenye kata tisa za Ogori/Magongo. Fomu imejaa, mpiga kura yuko nyumbani anakunywa uji. BVAS itamsaidia nini huyo?

Kasri la Bahati

Niko Virginia, Marekani, mwaka wa kumi na kitu huku. Nasoma nacheka kwa sababu na sisi tumepiga kura ya gavana Novemba 4 mwaka huu, pamoja na New Jersey, siku ambayo Marekani yenyewe haina uchaguzi wa kitaifa. Tofauti ni kwamba huku imepangwa makusudi na imekaa hivyo vizazi. Virginia, New Jersey, Kentucky, Louisiana na Mississippi wanachagua gavana miaka ya witiri. Hakuna polisi wa Washington anayeletwa. Polisi ni wa kaunti, tume ni ya jimbo, na fomu hazipiti kwa mtu wa rais.

Na kubanana kwa kura tunakujua. Mwaka 2017 kiti kimoja cha bunge la jimbo, Newport News, wagombea walilingana kura 11,608 kwa 11,608. Januari 2018 majina yakawekwa kwenye bakuli la udongo wa kufinyanga, afisa akachovya mkono, akatoa jina la mtu wa Republican. Kwa jina lile chama chake kikabaki na wingi wa 51 kwa 49. Aliyeshindwa hakulichoma jengo. Alijipanga, akakichukua kiti 2019.

Kwa hiyo tarehe peke yake si ugonjwa, mleta mada. Uliza polisi ni wa nani.

Mnyalu

Bakuli! Haya basi, polisi. Wanigeria wawape magavana polisi wao tuone.

Fundi Cherehani

Ukiwapa magavana polisi ndio umemaliza kabisa. Nani kakuambia gavana ni malaika? Waulizeni uchaguzi wa halmashauri. Huo unasimamiwa na tume ya jimbo, inateuliwa na gavana, kila jimbo linapiga siku yake linapojisikia. Hapo Abuja hayupo. Matokeo?

Kano, Oktoba 2024: chama cha gavana, NNPP, halmashauri 44 kati ya 44. Lagos, Julai 2025: APC, nafasi 57 za wenyeviti kati ya 57. Anambra ya huyo profesa wenu, Septemba 2024: APGA 21 kati ya 21, na huo ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa halmashauri tangu Januari 2014. Miaka kumi wanatawaliwa na kamati za kuteuliwa! Tena Obi huyohuyo aliyefungua mlango alikaa ofisini mpaka miezi yake ya mwisho ndipo akaitisha ule wa 2014.

Walifanya haraka mwaka jana kwa sababu Julai 11, 2024 Mahakama ya Juu ilisema fedha za halmashauri 774 ziende moja kwa moja kwao na kamati za kuteuliwa hazina uhalali. Magavana wakaona heri wachague wenyeviti wao fasta kabla fedha hazijakatwa.

Rivers ndiyo kichekesho cha mwisho. Gavana Fubara alikosana na Wike, mtangulizi wake aliyemweka, akakosa chama, akaitisha uchaguzi wa halmashauri Oktoba 2024. Chama kidogo kiitwacho APP, ambacho hata wenyeji walikuwa hawakijui, kikashinda 22 kati ya 23. Februari 2025 Mahakama ya Juu ikaufuta. Machi rais akatangaza hali ya hatari, akaweka msimamizi mstaafu wa jeshi la majini. Agosti msimamizi akaitisha upya: APC 20, PDP 3. Wapiga kura wale wale, ndani ya mwaka mmoja.

Baba Chausiku

Msicheke sana wakuu. Novemba 27 mwaka jana sisi hapa tulichagua serikali za mitaa chini ya TAMISEMI, na chama tawala kikapata zaidi ya asilimia 98. Tofauti ni kwamba wenzetu wanafanya kwa zamu.

nasikiliza_tu

Baba Chausiku acha uzi uendelee kuishi, mods wanapita.

Jogoo la Shamba

Fundi amenisogeza, ila hajaniangusha. Nasema hivi: ukiangalia rekodi, mwenye dola ya Abuja hashindi kila mara kwenye kura hizi za pembeni. Edo 2012 rais ni wa PDP, Oshiomhole wa ACN, chama cha upinzani wakati huo, akachukua halmashauri zote 18. Osun Agosti 2014 rais ni wa PDP, Aregbesola wa APC akashinda miezi miwili tu baada ya chama chake kupoteza Ekiti. Edo 2020 nimeshaisema. Osun Julai 2022, Adeleke akarudi, akamshinda Oyetola aliyekuwa madarakani, 403,371 kwa 375,027, na rais Buhari ni wa APC. Safari hii tofauti ilikuwa zaidi ya 28,000, hakukuwa na vituo saba vya kurudia.

Huko ndiko ninakotaka mtazame. Tofauti ikiwa ndogo, dola inaitafuna. Ikiwa kubwa, na fomu za kila kituo zikapandishwa kwenye tovuti ya INEC jioni ileile, hawajui pa kushika. Osun 2022 fomu zilikuwa juu usiku uleule, kila mtu anajumlisha na kalkuleta yake.

Ambalo sina jibu nalo ni la baada ya ushindi. Duoye Diri wa Bayelsa alipata kiti chake mara ya kwanza Februari 2020 kwa sababu Mahakama ya Juu ilimfuta David Lyon wa APC siku moja kabla ya kuapishwa, uwanja umeshapambwa, kisa vyeti vya mgombea mwenza wake vina majina yanayopishana. Akashinda tena 2023 dhidi ya APC yenyewe. Oktoba mwaka huu akaihama PDP, Novemba yuko APC. Sasa yule aliyesimama juani kumpigia kura ya PDP tumwambie nini? Na Soludo, APC ilimpinga, kawashinda, lakini APGA ilishasema 2027 iko na Tinubu.

Bint Kilindini

Kwa hivyo unashinda kura ukiwa upinzani, kisha unahamia nyumba kubwa ndio upate pesa za barabara.

Jogoo la Shamba

Kabisa. Na magavana wengi wa PDP waliochaguliwa msimu wa kawaida nao wamefanya hivyohivyo mwaka huu, Delta, Akwa Ibom, Enugu. Kalenda haihusiki hapo.

Mnyalu

Mwakani tuangalie nini?

Jogoo la Shamba

Ekiti ni Juni 20. Biodun Oyebanji wa APC anatetea kiti na sioni wa kumtoa, PDP imevunjika vipande.

Osun ni Agosti na hiyo ndiyo ya kuwekea kambi. Adeleke ameondoka PDP lakini hakwenda APC, wiki hii kaingia Accord, chama kidogo kabisa. Halmashauri za jimbo lake hazipati fedha za shirikisho kwa sababu ya ugomvi wa wenyeviti gani ni halali, wale wa APC waliorudishwa na mahakama au wale waliochaguliwa Februari 22 mwaka huu chini ya tume yake. Mwenyekiti mpya wa INEC, Profesa Joash Amupitan, ameingia Oktoba na Anambra ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza. Osun itakuwa uchaguzi mkubwa wa mwisho kabla ya ule mkuu wa 2027, kwa hiyo wote watakuja, polisi na mabegi.

Fundi Cherehani

Agosti nitakuwa huko kuchukua mali. Osogbo, makao makuu ya Osun, sina biashara, lakini wiki ya kura sipiti kabisa ile barabara. Siku ya uchaguzi magari yote yanasimamishwa tangu usiku wa manane mpaka jioni, na mzigo wako ukikutwa katikati unalala nao hapohapo.

Kasri la Bahati

Fundi, ukirudi leta picha za fomu za matokeo zinazobandikwa ukutani vituoni. Tujumlishe wenyewe humu.

Fundi Cherehani

Mimi nachukua vitambaa, kaka. Fomu utazitazama kwenye tovuti yao kama haijazima.